Sifuri Mbili za Wilibrodi

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Sista ametuambia akina mama wa jumuiya: Majilio haya, majuma ya kungoja Krismasi, kila mmoja awe na daftari, na kila siku aandike kosa lake la siku hiyo. Kosa lake — si la jirani. Hilo la jirani alilirudia mara mbili, akiniangalia mimi.

Haya. Kosa langu la leo: nimemcheka bosi wangu moyoni wakati anasali.

Lakini daftari wewe huna mdomo, acha nikueleze alikuwa anasalia nini. Wilibrodi ametundika bango jipya mbele ya gereji, pale barabara ya kupanda Ngorongoro, ili kila gari la wageni lilione. WILLY KOMPYUTA BALANSI. Chini yake: MASHINE HAIKOSEI. Pembeni wamechora tairi lenye macho na miwani. Akatukusanya wote asubuhi, mafundi na grisi zao hadi viwikoni, tukapiga ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya ile mashine ya kubalansi magurudumu robo saa nzima. Jeki ilitajwa. Kompresa ilitajwa. Mimi ninayeiendesha mashine yenyewe sikutajwa, labda Mungu ananijua tayari.

Amina yangu ilikuwa kubwa kuliko za wote. Ya kuficha kicheko.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Kazi hakuna mpaka saa kumi. Nimekaa kwenye kibao nikasema leo niandike mashine inavyofanya kazi, maana nikifa leo Inosenti ataizika pamoja nami.

Inosenti ni shemeji yake Wilibrodi, kaka wa mke. Ndiye "mtaalamu". Ana koti jeupe alilopewa na daktari mmoja wa mifugo, analivaa mteja akionekana. Siku mashine ilipofika kutoka Arusha, aliyeileta alikaa siku mbili kufundisha. Wanaume siku zote mbili wanabishana nani atavaa koti. Mimi wakati huo nilikuwa mama wa chai tu. Nikawa namimina chai na kusikiliza. Chai ilipoisha, nilikuwa najua.

Basi iko hivi. Gurudumu hata likiwa jipya halina uzito sawasawa kuzunguka pande zote. Kuna upande umezidi kidogo. Ni kama punda wetu wa maji pale nyumbani Ganako: mfungie madumu mawili kushoto na moja kulia. Akitembea taratibu huoni kitu. Mkimbize uone anavyoyumba. Gurudumu nalo, kule kwenye mashimo ya kreta, lile bonde la wanyama la Ngorongoro, mwendo wa pole, halina neno. Likifika lami, sabini, themanini, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwa dereva.

Unalivua kwenye gari, unalivalisha kwenye shafti, kile chuma cha mashine kinachozunguka, unalibana katikati kwa koni na nati yake kubwa. Risasi za zamani, vile vipande vya madini vya kuongezea uzito, unazing'oa. Unaipa mashine vipimo vitatu: rimu iko umbali gani kutoka kwenye mashine, upana wake, na ukubwa wake toka ukingo hadi ukingo. Ukikosea kimoja, yote yatakayofuata ni uongo. Unashusha kifuniko. Linazunguka, linasimama. Zinatoka namba mbili, ya upande wa ndani na ya upande wa nje. Ikisema 40 ndani, maana yake ndani kuna mahali panadai gramu arobaini. Wapi? Unalizungusha kwa mkono polepole mpaka taa zote ziwake, halafu pale juu kabisa, kama mshale wa saa sita, unagonga kipande cha risasi cha gramu arobaini kwenye ukingo wa rimu. Unazungusha tena. Ikitoka 00 na 00 umemaliza, chukua lingine.

Ndiyo hivyo tu. Inosenti mteja akiwepo anabonyeza vitufe, anainua kidole juu, anasema tulieni, inafikiri. Mteja akivuka kwenda kutafuta chapati, ananiita Mama Selina njoo umalizie. Kumalizia kwake ndiko kuanza.

Kosa la leo: masengenyo. Ukurasa mzima na robo. Sista ana haki ya kuniangalia.

Alhamisi, 5 Desemba

Magari sita yameshuka kutoka kreta jioni, yote mekundu mpaka kwenye vioo. Utaratibu wa hapa Karatu ni ule ule: dereva anawaacha wageni loji, analeta gari gereji, tukimaliza anavuka barabara kwa Clemensi kuosha, asubuhi wageni wanapanda gari linang'aa. Kuosha ni mwisho. Nani aoshe kwanza halafu alitie mikononi mwa mafundi wetu?

Clemensi na Wilibrodi hawasalimiani mwaka wa tatu sasa. Ni ule mwavuli. Askofu alikuja kutoa kipaimara, mvua ikanyesha, wote wawili wakataka kumshikia mwavuli. Huyu akavuta, huyu akavuta. Mwavuli ukapinduka na Baba Askofu akalowa mpaka kwenye soksi. Tangu hapo kwenye misa tukiambiwa tutakiane amani, kila mmoja anatazama dari.

Wa mwisho alikuja Lomayani. Huyu kijana wa Nainokanoka nampenda kama wangu, ananiita yeyo kama anavyomwita mama yake. Alikuwa amebadilisha tairi zote nne, anataka balansi, kesho anawapeleka wazee wawili wa Kizungu uwanja wa ndege Arusha. Tope lilikuwa limeganda ndani ya rimu kama kandiko la ukuta. Nilikwangua pale pa kugongea risasi tu. Ya kwanza ilisema 85, sijapata kuona. Nikagonga risasi mpaka mkono ukauma. Mwisho sifuri mbili, magurudumu yote manne.

Aliniambia Mungu akubariki yeyo, akavuka kwa Clemensi.

Kosa: nimekula kipande cha nyama ya mwenzangu, alichokiweka kwenye sufuria tupu la chai. Alikifunika vibaya.

Jumamosi, 7 Desemba

Habari mbaya. Gari la Lomayani jana limetetemeka njia nzima. Lilianza baada ya Rhotia, alipoanza kukimbia. Makuyuni alisimama akakaza nati zote, hakuna iliyolegea. Akiendesha arobaini linatulia. Akifika themanini linacheza, anapigana na usukani. Wale wazee nyuma wameshikana mikono, bibi anasali kwa lugha yake.

Wamefika. Wamepanda ndege. Kabla haijaruka wameshaiandikia kampuni yake ya utalii: dereva wenu alikuwa amelewa, gari lilikuwa linapepesuka.

Lomayani! Mtoto wa mwinjilisti. Hata soda anakunywa nusu.

Kampuni imempa barua ya kusimamishwa kazi. Mwisho wa kujieleza ni Jumatatu ile nyingine, tarehe 16. Ameileta gereji tuisome. Sikuweza kumaliza. Neno "ulevi" limepigwa mstari. Amesema kwa sauti ya chini kabisa kwamba dereva akifukuzwa na neno hilo, Arusha nzima hakuna kampuni itakayompa ufunguo, wanaulizana kwa simu.

Wilibrodi akamwita Inosenti na koti lake. Inosenti alizunguka gari, akapiga tairi teke, akatoa sababu tatu. Moja, barabara. Mbili, mikono ya dereva. Tatu — Bwana unisamehe — wale wageni ni wanene, huenda walikaa upande mmoja.

Gari limeachwa kwetu mpaka mtu wa kampuni aje kuliangalia.

Jumapili, 8 Desemba

Misa ya kwanza. Padri amehubiri juu ya njia zilizopinda kunyooshwa. Mimi moyoni nilikuwa Makuyuni na Lomayani anakaza nati.

Wilibrodi amesoma somo, na tai nyekundu. Anasoma vizuri. Mungu humpa sauti amtakaye.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tumepalilia maharage. Baba Selina ananiuliza mbona nimekata kwa jembe mimea mitatu. Nikamwambia naumwa kichwa. Kosa: uongo. Nilikuwa nahesabu vizuri kabisa, gurudumu baada ya gurudumu, nilipokosea wapi.

Jumanne, 10 Desemba

Nimefika mapema kabla yao. Nimevua gurudumu la mbele la gari la Lomayani, nimelivalisha kwenye mashine. Vipimo vitatu nimeviingiza mara mbili nisikosee. Kifuniko. Ndani: 75. Gurudumu hilo hilo nililoliacha sifuri!

Risasi zangu zote zipo, hakuna iliyoanguka. Nazijua, mimi nagonga kwa kushoto, alama ya nyundo inalala.

Inosenti alipofika akatazama ile 75 akatangaza rimu imepinda. Dereva amepanda mawe. Wilibrodi akafurahi mpaka akaagiza chai ya wote. Sikunywa. Nilishika bisibisi karibu na ukingo wa rimu, nikalizungusha gurudumu kwa mkono. Rimu ikiwa imepinda, ule mwanya kati ya bisibisi na ukingo utapanuka na kubana, kupanuka na kubana. Haukucheza hata unywele. Rimu imenyooka kama mstari wa mwalimu.

Nikamwonyesha Inosenti. Akasema jicho la mtu haliwezi kushindana na kompyuta.

Sasa kama risasi zipo na rimu haijapinda, kuna nini kwenye gurudumu hili Jumanne ambacho Alhamisi hakikuwepo? Au kilikuwepo na sasa hakipo?

Alhamisi, 12 Desemba

Nimejua.

Ngoja niandike taratibu.

Jioni lilikuja gari limetoka kreta, tope lile lile. Nimebalansi gurudumu la nyuma, 00 na 00. Nikagonga risasi ya mwisho pigo moja la kuizamisha vizuri. Pale pale likaachia bonge la tope kutoka ndani ya rimu likaniangukia kwenye kidole cha mguu. Zito kama andazi la jana. Nikashika mguu, nikalia kidogo. Halafu nikaliangalia lile bonge. Nikaliangalia gurudumu.

Nikashusha kifuniko tena. 45.

Mama yangu. Mashine haikosei — bango linasema kweli. Imepima kila kilichofungwa pale: tairi, rimu na tope. Sisi tukagonga risasi kulisawazisha tope! Kisha dereva anavuka kwa Clemensi, Clemensi anaingiza ile pampu yake yenye nguvu, tope lote linatoka. Risasi zinabaki, hazina tena kazi. Zenyewe ndizo mzigo. Asubuhi gari linang'aa kama sahani, linapanda lami, linamtingisha mtu mpaka anaitwa mlevi.

Na utaratibu wetu ni kuosha mwisho. Miezi minane ya mashine hii, misimu miwili ya mvua. Madereva wangapi wamerudi wakilalamika tukawaambia barabara?

Kilichokuwa kwenye gari la Lomayani nilikigonga mimi. Kwa mkono wangu wa kushoto.

Nimemfuata Wilibrodi ofisini kabla hajafunga. Nimemweleza yote, nimempelekea na bonge lenyewe kwenye kipande cha gazeti. Alisikiliza vizuri. Akacheka, akasema kwamba akili hiyo niipeleke jikoni kwangu, maharage yataiva. Halafu akaacha kucheka. Akalitazama bonge kwa muda mrefu. Akalifunga gazeti kwa uangalifu, kama dawa.

Kosa: nimedhani amenielewa, nikafurahi.

Ijumaa, 13 Desemba

Amenielewa kabisa.

Leo nimekuta pipa jipya la maji, brashi mbili ngumu, na tangazo chini ya yale macho yenye miwani: HUDUMA MPYA — USAFI WA RIMU KABLA YA BALANSI. Inosenti anawaeleza madereva kwamba amefanya utafiti. Nasikia amefanya usiku.

Leo magurudumu yote tumeosha kwanza. Hakuna hata moja lililotaka zaidi ya gramu thelathini. Risasi nilizokuwa namaliza siku moja zimenitosha na kubaki.

Nikangoja. Nikasema sasa atamwita Lomayani. Saa nne, saa sita, saa nane. Nikamwendea. Nikamuuliza barua ya kijana itakuwaje, mtondo ndiyo Jumatatu.

Akanifungia mlango, akanikalisha, akaniita dada yangu. Amesema nimefanya jambo kubwa na Mungu ameliona. Kosa limesharekebishwa, kwa nini tulifukue? Kampuni ya Lomayani ina magari kumi na nane, yote yanatengenezwa kwetu. Wakisikia tulikuwa tunapima tope miezi minane watahamia kwingine, na mafundi saba na familia zao watakula nini. Kijana bado ana nguvu, atapata kazi nyingine, hata kuchunga. Halafu akaniambia tusali.

Nikasali naye! Nimeinamisha kichwa nikasema amina. Hiyo ndiyo dhambi ya leo, na sioni nyingine inayoifikia. Ile nyama ya kwenye sufuria, Sista, ilikuwa mchezo.

Jumamosi, 14 Desemba

Lomayani amekuja nyumbani Ganako. Amekuja kwa miguu toka mjini, na shuka lake juu ya suruali, si yunifomu. Ameshaizoea hiyo hali, au anajizoeza.

Nimempa maziwa. Alishika kikombe mpaka kikapoa mkononi. Ameongea na Baba Selina habari za ng'ombe, akacheka sana kuhusu beberu wetu anayeogopa kuku. Halafu akaniambia kule kwao rika lake wameshasikia. Wanamwita Safari, kwa jina la bia. Baba yake mwinjilisti hajamuuliza kitu. Jumapili iliyopita alihubiri juu ya kiasi, hakumtazama hata mara moja, na kanisa zima likamtazama kwa niaba yake.

Alipokuwa anaondoka, mlangoni, akanigeukia.

"Yeyo, wewe ndiye uliyezipiga balansi zile tairi. Zilikuwa sawa?"

Nikamjibu, "Mashine ilisema sifuri."

Akanishukuru. Amenishukuru! Akasema basi, labda ni mimi kweli, labda mikono yangu ilichoka nisijue. Akaenda.

Nimekaa jikoni mpaka moto umezimika. Kila neno nililomwambia ni kweli. Nimejifunza wapi ujanja huu — kwa mtu aliyenifungia mlango akaniita dada.

Jumapili, 15 Desemba

Jumapili ya tatu ya Majilio. Jumapili ya furaha, padri kavaa rangi ya waridi. Wilibrodi naye kavaa tai ya waridi, hajapitwa.

Nilikwenda kitubio kabla ya misa. Nikaanza mbali, masengenyo, hasira, nyama. Padri akaniuliza kama kuna lingine. Nikamwambia nimejua jambo la kumsaidia mtu, nimelificha. Akaniuliza kama muda bado upo wa kulisema. Nikamwambia mpaka kesho. Akasema sala za malipizi atanipa kesho kutwa, nirudi nikiwa nimeshalisema. Hakunipa hata Salamu Maria moja ya kushikia!

Wakati wa kutakiana amani nilipita viti vinne nikamshika mkono Clemensi, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama anakumbuka kuosha gari la Lomayani ile Alhamisi. Akasema atalisahau vipi, tope lililotoka ndani ya zile rimu lilijaza karai, mfereji wake umeziba mpaka leo. Nikamwambia asiondoke kazini kesho asubuhi.

Baba Selina ameniambia mahindi yapo, maharage yapo, nisiogope. Hakuniuliza nisiogope nini.

Jumatatu, 16 Desemba

Saa tano na nusu. Naandikia hapa hapa stoo, juu ya boksi la risasi.

Mtu wa kampuni amekuja saa tatu. Anaitwa Hilary, afisa usafirishaji, mpole, ana miwani ya kweli. Lomayani kaja naye, kakaa kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, kama mzigo. Wilibrodi kamkaribisha Hilary kwa mikono miwili, kamwonyesha bango, kompresa, pipa la maji na brashi. Inosenti koti limepigwa pasi.

Walianza na gurudumu safi la gari jingine. Sifuri mbili, wote wakatikisa vichwa kukubali. Kisha la Lomayani. 75. Inosenti akainua kidole, akaeleza: rimu imepinda, dereva amepanda mawe, na mtu mwenye akili timamu hapandi mawe. Hilary akafungua faili lake. Akaanza kuandika. Nikaweka nyundo chini.

Nikasema, "Haijapinda."

Sikusema kwa nguvu, lakini kompresa ilikuwa imetulia wakati huo, basi walisikia wote. Wilibrodi akaniambia nilete chai. Nikaleta bisibisi. Nikamwambia Hilary, mwanangu inama hapa utazame mwanya huu. Nikazungusha. Akatazama mzunguko mzima, akaomba nizungushe tena. Akaniuliza kama haijapinda, hiyo 75 imetoka wapi.

Nikamweleza. Nimemweleza kwa lugha yangu, punda na madumu yote. Nimemwambia yale magurudumu yalipimwa na tope lake ndani, na tope likaoshwa usiku ule ule, na Clemensi yuko ng'ambo ya barabara amwulize. Akavuka kweli. Dirishani tulimwona Clemensi anaonyesha ukubwa wa karai kwa mikono, anapanua, anapanua tena. Ni ushahidi dhidi ya Wilibrodi, na sijapata kumwona na furaha kiasi kile.

Hilary akarudi. Akauliza nani alibalansi gari hili. Wilibrodi akamtazama Inosenti. Inosenti akaitazama mashine. Alikuwa ameanza kufungua vifungo vya koti.

"Mimi," nikasema.

Lomayani aliinua uso. Sikuweza kumtazama vizuri. Nikamwambia hapo hapo mbele ya watu kwamba Jumamosi mlangoni kwangu nilikuwa najua, sikusema, anisamehe. Ameshuka kwenye gari, amesimama kwenye mvua nje, hajaondoka.

Hilary anasema maneno ya gereji hayaingii kwenye faili. Anataka karatasi: tarehe, nini kilifanyika, jina na sahihi ya aliyefanya. Akasema ataenda kunywa chai hapo pembeni, akirudi aikute, maana kabla ya saa nane lazima awe ameitolea kampuni jibu, kijana abaki au aende. Wilibrodi alimngoja avuke kizingiti. Akaja karibu yangu, hakunifokea. Ameniambia taratibu sana kwamba nikiandika karatasi hiyo, overoli niiache kwenye msumari, nisirudi tena. Ameniambia na jingine: kampuni ikihama, wale mafundi saba nitawaeleza mwenyewe, na jumuiya nzima itajua nani aliwanyang'anya Krismasi.

Nimechana karatasi katikati yako, daftari, uniwie radhi. Ila nakuandikia wewe kwanza ili mkono uzoee:

Mimi niliyeandika jina langu hapo chini nathibitisha kwamba jioni ya tarehe 5 Desemba 2024 nilibalansi magurudumu manne ya gari analoendesha Lomayani. Sikuyaosha. Tope lilikuwa ndani ya rimu, nikalipima pamoja na gurudumu. Lilipooshwa, balansi ikaharibika, gari likatetemeka barabarani. Dereva hakulewa na hakupanda mawe. Kosa ni langu na la utaratibu wetu wa kazi hapa gereji.

Hapo kwenye "wetu" nimekaa muda. Ningeweza kuandika "wangu" tu, mafundi saba wakapona. Lakini bango si langu, na madereva wa miezi minane wako wengi. Nimeliacha "wetu".

Nimeshainakili kwenye karatasi. Namwona Hilary amesimama kwenye kibanda cha chai, ananawa mikono. Wilibrodi yuko mlangoni mwa stoo, kaziba mwanga. Ameuliza kama nimeshamaliza. Kalamu ninayoandikia ni yake, niliichukua mezani kwake bila kufikiri, na sasa amenyoosha mkono anaitaka. Nimemwambia asubiri kidogo, nimebakiza jina langu tu.